D1 au T1: kuisoma risiti ya LUKU katika nyumba za Nyanda za Juu Kusini

Majirani wawili wa Uyole, ambao nyumba zao zimetenganishwa na uzio wa michongoma tu, wanaweza kununua umeme wa shilingi 10,000 kila mmoja, siku moja na saa moja, na mmoja akapata takribani uniti 77 huku mwenzake akipata uniti 28.07. Jirani wa tatu, aliye kundi moja la bei na huyo wa pili, ambaye ananunua kwa mara ya kwanza katika mwezi huo na ambaye mita yake inakatwa kodi ya jengo, atapata uniti 23.86. Wote watatu wameuziwa na TANESCO, kwa amri moja ya bei, na hakuna aliyepunjwa. Tofauti yao imetokana na mambo mawili yaliyoandikwa katika ujumbe wa manunuzi, yaani kundi la bei ambamo mita imewekwa (D1 la matumizi madogo au T1 la matumizi ya kawaida), na makato yaliyopitia humo humo kwenye LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia.

Ninaandika ulinganisho huu kwa ajili ya wenye nyumba na wapangaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na wilaya zake, kwa sababu nimeona mara nyingi mno mteja akigombana na wakala wa kibanda cha miamala, au mpangaji akimshuku mwenye nyumba, kwa jambo ambalo lingekuwa wazi kama ujumbe ungesomwa hadi mstari wake wa mwisho. Wengi wetu hunakili tarakimu 20 za tokeni, huziingiza kwenye mita, kisha huufuta ujumbe, na kumbe huo uliofutwa ndio ankara yenyewe. Bei nitakazotumia ni zile za amri ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2016, na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) nimeihesabu kwa asilimia 18. Namba hizi zikibadilishwa na amri mpya, msomaji atabadilisha tarakimu tu, kwa maana njia ya kupiga hesabu hubaki ile ile.

Kinacholipwa ndani ya shilingi 10,000

Tuchukue risiti ya nyumba ya kundi la T1, ambayo imekwisha kukatwa kodi ya jengo mapema katika mwezi. Kati ya shilingi 10,000, gharama ya umeme wenyewe ni 8,196.72, na fedha hiyo ikigawanywa kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti ndipo zinapopatikana uniti 28.07. Zinazobaki ni VAT ya asilimia 18, ambayo ni shilingi 1,475.41, tozo ya EWURA ya asilimia 1, ambayo ni 81.97, na tozo ya REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, ya asilimia 3, ambayo ni 245.90. Asilimia zote tatu hupigwa juu ya gharama ya umeme, wala hazipandishwi moja juu ya nyingine, ndiyo maana jumla yake ni asilimia 22 kamili. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua bei halisi ya uniti anayolipa mfukoni azidishe bei ya amri kwa 1.22: shilingi 292 za T1 zinakuwa 356.24, shilingi 100 za D1 zinakuwa 122, na shilingi 350, ambazo nitazieleza baadaye, zinakuwa 427.

Nimewasikia watu wa mjini wakilalamikia asilimia 3 ya REA kana kwamba wanawalipia wengine kitu kisichowahusu. Fedha hiyo huingia katika Mfuko wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 iliyounda pia Wakala wa Nishati Vijijini, na nguzo zilizopanda milima ya Makete na kushuka mabonde ya Rungwe na Ludewa zimetokana kwa sehemu na makato ya namna hiyo. Wengi wetu tunaoishi Mwanjelwa au Mlandege tuna wazazi katika vijiji hivyo. Katika risiti ya 10,000, mchango huo haufiki shilingi 250, wakati kuwa katika kundi la bei lisilo lako kunaweza kukugharimu zaidi ya shilingi 17,000 kwa mwezi. Hapo ndipo macho yanapopaswa kukaa.

Wenye umri wanakumbuka pia kwamba zamani palikuwa na gharama ya huduma ya shilingi 5,520 kila mwezi kwa wateja wa T1, hata kama hawakuwasha taa. Iliondolewa na amri ile ile ya 2016. Kwa hiyo leo nyumba ya T1 ambayo haikutumia umeme haidaiwi chochote cha umeme, na anayekuambia kwamba mita yako ina gharama ya huduma anazungumzia jambo lililopita, au anawazungumzia wateja wakubwa wa T2, ambao hutumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi na ambao hulipa gharama ya huduma pamoja na gharama ya kiwango cha juu cha mzigo. Nyumba ya kuishi haifiki huko, nami sitalirudia kundi hilo.

D1 na T1 zikiwekwa ubavu kwa ubavu

D1 ni kundi la wateja wa majumbani ambao matumizi yao kwa wastani hayazidi uniti 75 kwa mwezi, na ambao umeme wao ni wa njia moja (single phase), wa volti 230. Mtaani wengi huliita tarifu namba 4. Uniti 75 za kwanza za mwezi huuzwa kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na kila uniti inayozidi hapo huuzwa kwa shilingi 350. T1 ni kundi la matumizi ya kawaida, ambamo wamo wateja wa majumbani wanaotumia zaidi, maduka, saluni, viwanda vidogo na mabango, wawe na umeme wa njia moja au wa njia tatu, na bei yake ni moja tangu uniti ya kwanza hadi ya mwisho, yaani shilingi 292.

Watu wengi wakizisikia shilingi 350 huogopa. Nimekutana na mama mmoja wa Soweto, Mbeya, aliyeniambia kwa uhakika kabisa kwamba afadhali ahamie T1 kwa sababu "kule ukizidisha huadhibiwi". Ni hofu inayoeleweka, lakini hesabu haiiungi mkono. Jedwali hili linaonyesha malipo ya mwezi mzima, pamoja na asilimia 22 za kodi na tozo, kodi ya jengo ikiwa imewekwa kando.

| Uniti kwa mwezi | Malipo katika D1 (sh.) | Malipo katika T1 (sh.) |
|---|---|---|
| 40 | 4,880 | 14,250 |
| 75 | 9,150 | 26,718 |
| 91 | 15,982 | 32,418 |
| 150 | 41,175 | 53,436 |
| 323 | 115,046 | 115,066 |
| 400 | 147,925 | 142,496 |

Mwenye kulitazama jedwali hili ataona kwamba anayevuka uniti 75 hapotezi unafuu wa zile 75 za kwanza. Zile zimekwisha kununuliwa kwa bei nafuu, na kinachopanda ni bei ya ziada tu. Ili mteja wa D1 aanze kulipa zaidi ya mwenzake wa T1, inambidi avuke takribani uniti 323 kwa mwezi, matumizi ambayo kwa nyumba ya kawaida ya mitaa kama Forest au Gangilonga ni makubwa mno. Kwa hiyo, kwa upande wa fedha peke yake, D1 ni bora kwa karibu kila familia.

Lakini kundi la bei halichaguliwi kama kitambaa dukani, kwa kuwa D1 imewekwa kwa ajili ya wenye matumizi madogo, na anayeendelea kuvuka kikomo mwezi baada ya mwezi anaweza kuhamishiwa T1. Hasara ya kuvuka uniti 75 ina sehemu mbili: ya kwanza ni hizo shilingi 427 kwa kila uniti ya ziada, ambayo ni ndogo na huonekana mara moja, ya pili ni hatari ya kuzoea kuvuka hadi kupoteza kundi lenyewe, ambayo ni kubwa na huonekana kwa kuchelewa. Anayepanga matumizi ya nyumba yake aipe uzito hiyo ya pili.

Jambo hili pia linafafanua lalamiko ambalo huenda ndilo linaloongoza vibandani. Mteja wa D1 ananunua umeme wa shilingi 5,000 mwanzoni mwa mwezi na kupata uniti karibu 41, kisha tarehe 22 ananunua wa kiasi kile kile na kupata 11.7. Haikupanda bei katikati ya mwezi. Kati ya manunuzi hayo mawili alikwisha kufikisha uniti 75, na mfumo ukaanza kumuuzia kwa bei ya pili, ambayo itakoma mwezi mpya ukianza, kwa kuwa hesabu ya 75 hurudi sifuri kila mwezi wa kalenda.

Kwa wanaojenga, kuna neno moja la kuzingatia kabla ya kujaza fomu. Fundi anaweza kukushauri uombe umeme wa njia tatu "ili baadaye usihangaike", na kama una mpango wa kuweka mashine ya kusaga au ya kuchomelea, ushauri huo ni mzuri. Kama unajenga nyumba ya kuishi tu, njia tatu itakuondolea nafasi ya D1 tangu siku ya kwanza, kwa sababu kundi hilo ni la njia moja pekee. Vivyo hivyo, fremu ya duka au saluni iliyounganishwa kwenye mita ya nyumba huifanya mita ile kuwa ya biashara, na ni vema biashara ikapewa mita yake.

Baridi ya Juni hadi Agosti

Bei ya uniti ya TANESCO ni moja Tanzania Bara nzima. Maji yanayotoka bonde la Usangu huingia mto Ruaha Mkuu, huzungusha mitambo ya Mtera kisha ya Kidatu, na bado mtu wa Rujewa hulipa sawa na mtu wa Dar es Salaam. Tofauti iko katika namna tunavyoutumia umeme. Wa Pwani hununua uniti kwa ajili ya feni na kiyoyozi, nasi huku, ambako friji yenyewe haifanyi kazi ngumu, tunazinunua kwa ajili ya joto, na katika umeme wa nyumbani hakuna kinachokula uniti kama kutengeneza joto.

Uniti moja ni kifaa cha wati 1,000 kikiwashwa kwa saa moja. Tuichukue nyumba yenye balbu tano za LED za wati 9 zinazowaka saa tano kila usiku, televisheni ya wati 60 inayowashwa saa sita, pasi ya wati 1,000 inayotumika nusu saa mara tatu kwa wiki, na simu za kuchaji. Vyote hivyo kwa mwezi havizidi uniti 26. Ongeza friji inayokula karibu uniti moja kwa siku, jumla itafika 56. Nyumba hiyo inaishi vizuri ndani ya D1, tena na akiba ya uniti 19, kwa malipo ya shilingi 6,832 kwa mwezi.

Sasa ije Juni, maji ya bomba yawe na nyuzi joto 15 hivi asubuhi, na watoto wawe hawagusi ndoo. Hapa kuna njia mbili ambazo watu huzilinganisha, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Shawa ya umeme ya wati 4,500, mtu mmoja akioga kwa dakika kumi, hutumia uniti 0.75. Watu wanne kwa siku ni uniti 3, na kwa mwezi ni uniti 90, yaani shawa peke yake imekwisha kuvuka kikomo cha nyumba nzima. Njia ya pili ni kupasha maji kwa hita ya kuchovya kwenye ndoo. Kupandisha joto la lita 20 kutoka nyuzi 15 hadi 40 huhitaji takribani uniti 0.6. Kama kila mmoja wa wale wanne anatumia lita 10, nyumba itatumia kama uniti 1.2 kwa siku, yaani karibu 35 kwa mwezi. Umeme ni ule ule na maji ni ya joto lile lile. Kinachotofautiana ni wingi wa maji, kwa maana shawa humwaga bila kipimo na ndoo ina kipimo chake.

Kwa hiyo nyumba yetu ya uniti 56 ikitumia ndoo itafika uniti 91 katika miezi ya baridi, na ikitumia shawa itafika 146. Katika D1, ya ndoo italipa shilingi 15,982 kwa mwezi, na ya shawa italipa 39,467. Simkatazi mtu kuweka shawa ya umeme, hasa penye mzee au mgonjwa, ila ninaona si sawa kwa muuzaji kusema kwamba "haili umeme" kwa kuwa inawashwa kwa muda mfupi. Kinachohesabiwa na mita ni wati kwa muda, na wati 4,500 ni nyingi.

Mimi kwa miezi hiyo mitatu ninashauri jambo moja ambalo sijaona likifanywa na wengi. Uniti zilizokwisha kuingizwa kwenye mita haziozi. Kikomo cha uniti 75 huhesabiwa kwa kile ulichonunua ndani ya mwezi, na si kwa kile ulichotumia. Nyumba inayotumia uniti 56 mwezi Machi, Aprili na Mei inaweza kununua 75 katika kila mwezi kati ya hiyo, ikajiwekea uniti 19 mara tatu, yaani 57. Ikifika Juni, upungufu wa uniti 16 kwa mwezi, ambao kwa miezi mitatu ni 48, unafidiwa wote na akiba ile. Hakutanunuliwa hata uniti moja kwa shilingi 427, nyumba itakuwa imeokoa shilingi 14,640, na kumbukumbu ya manunuzi yake haitaonyesha mwezi wowote uliovuka kikomo. Anayelipwa mshahara au aliyeuza viazi mwezi Machi aifikirie njia hii. Kwa nyumba ya T1 akiba ya namna hiyo haina faida yoyote ya bei, kwa kuwa uniti ya kwanza na ya mia mbili zinauzwa sawa.

Kuhusu kupika nitasema kwa ufupi. Jiko la umeme la koili, likitumiwa kwa kila mlo, litaitoa nyumba nje ya D1 bila shaka. Jiko la umeme la presha la wati 1,000 ni jambo jingine, kwa sababu hufunga joto ndani na kwa kawaida huivisha maharage kwa chini ya nusu uniti, yaani chini ya shilingi 61 kwa bei ya kwanza ya D1. Kwa makande na maharage, ambayo katika nyumba zetu hukaa jikoni muda mrefu kuliko chakula kingine chochote, ni chombo kinachofaa kulinganishwa kwa makini na mkaa.

Mita moja ya wote, au mita kwa kila mmoja

Niliwahi kupanga miaka miwili Kihesa, mjini Iringa, katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya T1. Ugomvi wetu wa kila mwezi ulikuwa juu ya friji ya dada mmoja, na hata leo ninasikitika nikikumbuka maneno tuliyomwambia, kwa kuwa hasara yetu kubwa haikuwa ndani ya friji yake. Ilikuwa katika mita.

Tuseme kila chumba kinatumia uniti 25. Vyumba sita ni uniti 150, na katika T1 malipo ni shilingi 53,436, yaani 8,906 kwa kila chumba. Mpangaji yule yule, akiwa na mita yake ya D1, angelipa shilingi 3,050. Matumizi yake hayajabadilika hata kidogo. Kinachomgharimu ni kujumlishwa na wenzake hadi wote kwa pamoja wakaonekana watumiaji wakubwa. Wanafunzi waliopanga Iyunga kuzunguka chuo, na wafanyakazi wa nyumba za vyumba vingi za Ipogolo na Nzovwe, wako katika hali hii kwa wingi.

Je, kila mpangaji aombe mita? Gharama ya kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo, iliyotangazwa Januari 2022, ni shilingi 320,960, wakati vijijini ni 27,000. Mpangaji wa mjini anayeokoa shilingi 5,856 kwa mwezi angehitaji zaidi ya miaka minne na nusu kurudisha fedha hiyo, na kufikia hapo huenda amekwisha kuhama. Kwa mpangaji mmoja, jibu ni hapana. Kwa mwenye nyumba jibu ni tofauti, na hapa ndipo ningependa wenye nyumba wasikilize. Nyumba hiyo hiyo ikigawanywa kuwa na mita mbili, vyumba vitatu kila moja, na mita zote mbili zikakubaliwa katika D1, kila mita itakuwa na uniti 75 na malipo ya shilingi 9,150, jumla 18,300 badala ya 53,436. Tofauti ni shilingi 35,136 kwa mwezi, na gharama ya kuunganisha mita ya pili hurudi ndani ya miezi kumi, ukiacha malipo ya fundi wa kutenganisha nyaya, ambaye anapaswa kuwa mwenye leseni. Mwenye nyumba anaweza kuongeza kodi ya chumba kidogo na bado mpangaji akabaki na nafuu.

Baadhi ya wenye nyumba huweka mita ndogo za ndani kwa kila chumba. Zinasaidia kuleta haki kati ya mwenye friji na asiye nayo, na kama tungekuwa nazo kule Kihesa yule dada asingelia siku moja mbele yetu sote. Lakini mita hizo hazibadilishi kundi la bei, kwa sababu TANESCO haizitambui, na linalohesabiwa ni lile la mita kubwa. Bei ya haki ya uniti katika mpango huo hupatikana kwa kugawanya fedha zote zilizonunua umeme kwa uniti zote zilizopatikana, baada ya kuondoa kwanza kodi ya jengo. Katika T1 hiyo ni shilingi 356 na senti kidogo. Mpangaji anayetozwa 500 ana haki ya kuomba aonyeshwe risiti.

Kodi ya jengo, ambayo si bei ya umeme

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa mjini, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 na 7,500. Haihesabiwi kwa asilimia, wala haijali umenunua uniti ngapi, kwa hiyo inamwelemea zaidi anayenunua kidogo. Ndani ya 50,000 haionekani, lakini ndani ya 3,000 ni nusu nzima. Isiponunuliwa LUKU kwa miezi kadhaa, kodi hulimbikizwa. Mtu wa Makete anayefanya kazi Mbeya, aliyeacha nyumba yake imefungwa na kununua umeme mara ya mwisho Agosti, akirudi Desemba na kununua wa shilingi 10,000 atakatwa kwanza 6,000 za miezi minne, kisha 4,000 zilizobaki zimpatie, katika D1, uniti 32.79. Anayelinganisha D1 na T1 kwa kutazama risiti ya siku kama hiyo atafikia hitimisho lisilo sahihi. Achukue risiti ya pili ya mwezi, ambayo haina makato hayo.

Kisheria mdaiwa wa kodi hii ni mwenye jengo. Mpangaji ambaye mita iko mikononi mwake anailipa kwa niaba yake, na ni haki kwake kutunza ujumbe na kupunguziwa kiasi hicho katika kodi ya chumba. Mwaka mzima ni shilingi 18,000, na kwa mpangaji wa chumba kimoja hizo ni fedha za kutajwa. Kodi pia inadaiwa kwa jengo, wala si kwa mita, kwa hiyo mwenye nyumba aliyefuata ushauri wa mita mbili na kuona zote zikikatwa alipeleke jambo hilo ofisini akiwa na risiti za mita zote. Mzee aliyetimiza miaka 60 anayeishi katika nyumba yake mwenyewe amewekewa msamaha na sheria, lakini msamaha huo huombwa, na ninajua wazee wa Tukuyu ambao wamekatwa miaka kadhaa kwa kuwa hakuna mtoto aliyewaandikia barua.

Anayetaka kuomba kuhamishwa kutoka T1 kwenda D1 aanze kwa kukusanya ujumbe wa manunuzi ya miezi kadhaa mfululizo, ajumlishe uniti za kila mwezi wa kalenda, na ahakikishe kwamba wastani hauzidi 75. Nyumba inayotumia 56 kwa miezi tisa na 91 kwa mitatu ya baridi ina wastani wa karibu 65, na neno lililotumika katika maelezo ya D1 ni wastani. Aende na hesabu hiyo kwenye ofisi ya TANESCO ya wilaya pamoja na namba ya mita, aeleze kwamba nyumba ni ya kuishi na umeme ni wa njia moja, na asiende Julai, wakati manunuzi yake ya karibuni yote ni ya maji ya kuoga.